Wekundu Ndio Wazima

Mzee Damianos aliingia dukani saa mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, amevaa shati safi na viatu vya kanisani, akaweka simu yake juu ya kaunta.

"Nimekuja kuchukua ngano yangu," alisema.

Stamatia alikuwa anapanga mikate ya ufuta kwenye kikapu. "Ngano ipi, mzee wangu?"

"Ya kumbukumbu."

"Ya nani?"

"Yangu mimi. Naona nimekufa na hakuna aliyejisumbua kuniambia. Sasa nimekuja nionje mwenyewe kama mmetia sukari ya kutosha, maana ile ya marehemu mke wangu mliibania zabibu."

Wateja wawili waliokuwa dukani wakacheka. Stamatia naye akacheka, kwa adabu tu, maana hakuwa ameelewa kitu. Akafuta mikono kwenye aproni, akaichukua ile simu na kuisoma. *Mpendwa mteja, ngano ya kumbukumbu ya marehemu DAMIANOS, kilo 5, itakuwa tayari Jumatano tarehe 1 Julai. Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Tanuri la Zisis.*

Akaisoma mara ya pili. Jina la duka ni lao, namba ni yao. Jumatano ndiyo siku ya jina la mzee, sikukuu ya mtakatifu wake, hilo nalo kweli. Ila mzee mwenyewe ndiye huyu hapa, ananuka sabuni ya kunyolea, anasubiri jibu.

Tanuri la Zisis lilikuwa na vitu viwili ambavyo Karditsa nzima ilikuja kuvichukua pale kwa ajili ya kanisa. Cha kwanza ni mikate mitano mitamu, ambayo padre huibariki siku ya jina la mtu ili apate afya. Cha pili ni ngano ya kuchemsha, iliyochanganywa na zabibu na lozi na kufunikwa sukari, ambayo huombewa marehemu. Mkate ni wa mzima, ngano ni ya aliyekufa. Hata mlevi wa mji ule hawezi kuvichanganya.

"Asimina!" Stamatia aliita akielekeza uso kwenye ngazi. "Hebu shuka, mwanangu."

Asimina alishuka na nywele mbichi, kompyuta kwapani. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na alifanya kazi ofisini huko Thesaloniki. Ijumaa alikuja nyumbani kwa sababu moja tu, kumwondoa mama yake kwenye lile jedwali la kompyuta alilolijaza kwa miaka kumi na minane: majina elfu moja mia moja na arobaini, kila jina na mstari wake. Jumamosi ya Marehemu iliyopita, siku kanisa linapowaombea wafu wote, mstari mmoja ulihama, na familia mbili zikakutana kanisani mbele ya sinia moja la ngano, zikatazamana vibaya. Basi Asimina akawajengea programu yao wenyewe, wala hakuandika msimbo. Aliburuta vipande tu, hapa fomu, pale kalenda, huku meseji zinazojituma zenyewe siku mbili kabla. Jumapili jioni akaiwasha, akapigiwa makofi na mama yake. Baba yake, Zisis, aliuliza bei, akaambiwa euro ishirini na nne kwa mwezi, akarudi kwenye tanuri lake.

Asimina aliisoma ile meseji. Kwanza akatabasamu, kisha tabasamu likamwisha.

"Mama, kwenye jedwali lako imeandikwa wapi kwamba Mzee Damianos yu hai?"

"Si ni mwekundu?"

"Nani mwekundu?"

"Yeye. Jina lake. Wekundu ndio wazima, weusi ndio marehemu. Mtu akifa namgeuza. Ulitaka niandike nini zaidi?"

"Mimi nilidhani ni mapambo," Asimina alisema polepole. "Kule juu umechora na ua."

"Ua ni ua. Wekundu ni wazima. Hata kanisani padre anaandika hivyohivyo, wazima kwa wino mwekundu, wafu kwa mweusi. Kila mtu anajua."

"Mimi ni mwekundu tangu ujana wangu wa kikomunisti," Mzee Damianos alidakia. "Waulizeni polisi wa zamani."

"Na hii tano?" Asimina alimuuliza mama yake. "Si kilo tano?"

"Kwa mweusi ni kilo. Kwa mwekundu ni mikate. Mikate ya kanisani huwa mitano, lini umeona sita?"

"Lakini safu ni moja, mama."

"Na rangi ni mbili."

Asimina akafungua kompyuta juu ya kaunta. Programu ilikuwa imebeba majina, tarehe, namba za simu na idadi. Rangi haikuibeba, kwa kuwa hakuna aliyeiambia kwamba rangi ni neno. Kwake watu wote walikuwa wa aina moja, na kwa kuwa wengi katika lile jedwali walikuwa wamekufa, Asimina aliandika meseji moja tu, ya marehemu.

"Zimekwenda kwa wangapi?" Stamatia aliuliza.

"Asubuhi hii, saba. Za tarehe moja Julai. Watano ni marehemu kweli, mmoja wao mjane wake amejibu anashukuru kwa kukumbukwa. Halafu Mzee Damianos. Halafu..."

Stamatia akaigeuza kompyuta akasoma mwenyewe. ARGYRIS. Simu: Domna, mama yake.

Akaishika kaunta. Argyris alikuwa mwanawe wa ubatizo, na siku ya jina lake ni hiyohiyo ya Mzee Damianos. Ni yeye aliyemshika juu ya maji, akamtoa, akampa jina. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, na hiyo ilikuwa siku ya kumi na saba amelazwa chumba cha mahututi huko Larisa, tangu pikipiki ilipomtupa kwenye daraja. Domna mwenyewe ndiye aliyempigia Stamatia wiki iliyopita: dada, mwaka huu usisahau mikate ya Argyris, mwaka huu kuliko miaka yote. Na Stamatia akaandika, kwa rangi nyekundu, akabusu vidole vyake.

Mara tatu alipiga simu ya Domna bila kujibiwa. Mara ya nne ikapokelewa, na aliyepokea alikuwa Stergios, mumewe.

"Domna yuko ndani na mtoto," alisema. "Simu ninayo mimi."

Halafu akakata.

* * *

"Mimi nilisema," Zisis alisema. Alikuwa ametoka tanurini, unga mpaka kwenye nyusi. "Jedwali miaka kumi na minane halijaua mtu. Hii hata siku moja haijamaliza, imeua wawili."

"Baba, kosa si la programu."

"La nani?"

Stamatia alijiuliza hilohilo. La msichana, ambaye hakuuliza? Lake yeye, ambaye hakusema? Lakini mtu anasemaje jambo asilojua kwamba halijulikani? Alihisi kama ameingia jikoni kwake mwenyewe akakuta vyombo vyote vimehamishwa.

"Washa gari," alimwambia binti yake.

Mwendo wa Larisa ni kama saa moja. Asimina aliendesha lile gari la mikate huku machozi yakimtiririka bila sauti, na mama yake pembeni alijaribu maneno. Domna, ile meseji si yenu. Lakini ni yao, ina jina la mtoto. Domna, ni kompyuta. Hapo Domna atasema, kompyuta imejuaje mtoto wangu ni mgonjwa? Domna, rangi haikuhamia. Maneno gani hayo ya kumwambia mtu aliye mlangoni pa mahututi? Walipofika alikuwa na maelezo sita, na kila moja lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

Stergios alikuwa kwenye korido, kiti cha mwisho. Alikuwa mkulima wa pamba, mtu mkubwa wa mabega, na kwa siku kumi na saba pamba yake ilimwagiliwa na majirani. Mkoba wa mkewe alikuwa ameuweka magotini, simu ya mkewe mkononi. Hakusimama.

"Ameagiza lini?" aliuliza.

"Hakuagiza, Stergios. Ni ile mikate ya siku ya jina lake..."

"Imeandikwa ngano. Kusoma najua."

"Ni rangi, kaka yangu. Mimi wazima nawaandika kwa nyekundu, marehemu kwa nyeusi. Asimina kahamisha majina kwenye programu mpya, na hiyo programu haioni rangi."

Stergios alimsikiliza hadi mwisho. Paji lake la uso lilikunjamana kwa kujitahidi.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa mwekundu."

"Ndiyo."

"Sasa mweusi."

"Hapana! Sasa hana rangi. Wote hawana. Wameingia sawasawa."

"Wameingia wapi?"

Stamatia hakujua wameingia wapi. Alimtazama binti yake.

"Kwenye programu, mjomba," Asimina alisema.

"Mwanangu yuko mle ndani," Stergios alisema, akionyesha mlango kwa kidole. "Nimetoka kumwona. Jana alikunja kidole hiki. Nani amewaambia ninyi mpike ngano?"

Mlango ukafunguka, akatoka Domna, bado amevaa gauni la karatasi na vifuniko vya viatu. Alimwona Stamatia, akataka kumkumbatia, kisha akaona uso wa mumewe.

"Ngano uliagiza lini, Domna?" Stergios aliuliza, akimnyooshea simu.

Domna akasoma. Kisha akafanya jambo ambalo Stamatia hakulitarajia hata kidogo. Hakushangaa. Hakupiga kelele. Alimgeukia Stamatia, akamuuliza kwa sauti ya chini, yenye uchungu:

"Nani amekwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Nilimwomba daktari asimwambie mtu, nilimshika mikono yote miwili. Ni yule nesi wa kwetu? Binti yake Fotini? Ni yeye?"

"Domna, shoga yangu, sikuelewi. Kuniambia nini?"

Domna aliutazama uso wa mwenzake, akaona kwamba kweli haujui kitu. Pale pale akatambua alichokisema, na mbele ya nani.

"Asimwambie mtu nini?" Stergios aliuliza.

Mhudumu alipita anasukuma toroli la mashuka, wote wanne wakasogeza miguu ampishe.

"Alhamisi iliyopita," Domna alisema mhudumu alipokwisha kupita. "Walinichukua pembeni. Wamesema ubongo umekufa, Stergios. Kifua kinapandishwa na mashine. Wanasubiri dawa zitoke mwilini, wapime mara ya pili, Alhamisi hii. Wakipata vilevile, basi."

"Alhamisi iliyopita nilikuwa hapa."

"Ulikuwa umelala kwenye kiti hicho. Ilikuwa mara yako ya kwanza kulala kwa siku tisa. Nikasema, aamke kwanza. Ukaamka, ukaniambia umeota anatengeneza pikipiki. Nikasema kesho. Jana ukaniambia amekunja kidole. Ningekwambiaje?"

Stergios aliitazama simu, akamtazama mkewe, akamtazama Stamatia.

"Kwa hiyo ngano uliagiza."

"Sikuagiza."

"Basi nani aliyeagiza?"

"Hakuna," Stamatia alisema. "Ni kosa langu, Stergios."

"Langu mimi, mjomba," Asimina alisema.

"Mnagombania," Stergios alisema, kama mtu anayestaajabu, akaondoka zake kwa hatua nzito hadi dirishani, akasimama huko na mkoba wa mkewe umening'inia mkononi.

Stamatia alitaka kumshika Domna, hakujua amshike wapi. Yeye ndiye mama wa ubatizo, na kwa siku nne rafiki yake alibeba mzigo huo peke yake, akazungumza naye kwenye simu habari za chakula na joto la Larisa, asimwambie. Hilo nalo lilimuuma, akaona haya kwamba linamuuma.

"Nenda nyumbani," Domna alimwambia. "Sina hasira nawe. Sijui nina nini. Nenda tu."

* * *

Mchana ule na asubuhi yote ya Jumanne mama na binti walikaa nyuma ya kaunta, wakayapitia majina elfu moja mia moja na arobaini, moja baada ya moja. Asimina alikuwa amezima meseji na kuongeza kisanduku kipya kilichoitwa Hali, chenye majibu mawili tu, Hai au Marehemu. Bila kuchagua, programu haikukubali kuendelea. Akaongeza na sharti: aliye Hai apate mikate peke yake, Marehemu apate ngano peke yake. Akalijaribu kwa jina la Mzee Damianos, akamwagizia ngano, programu ikakataa katakata.

"Angalau sasa ina adabu," Zisis alisema. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia binti yake tangu jana.

Mji ulikuwa umekwisha kusikia. Wateja waliingia wakiongea, wakamwona Stamatia, wakanyamaza. Mama mmoja alinunua mkate wa nusu kilo, akasema, "Mimi namba yangu ifuteni kabisa, nisije nikafa bila habari." Alisema kwa kucheka, lakini alisubiri mpaka akaona imefutwa. Stamatia alimrudishia chenji, akamtakia siku njema.

"Argyris," Asimina alisema walipofika kwake.

"Hai," Stamatia alijibu, kabla ya swali.

Asimina akachagua Hai, wakaendelea na jina lililofuata.

Saa sita na nusu Stergios aliingia dukani. Kulikuwa na watu wanne kwenye foleni na wote wakampisha. Hakukubali. Alisimama nyuma ya wote, kofia mkononi, akasubiri zamu yake, na kila mteja akanunua harakaharaka bila kuchagua. Stamatia alipima na kufunga. Hakujua kama mtu huyu amekuja kumtukana mbele ya watu, na aliona akitukanwa itakuwa nafuu.

"Mikate ya kesho," Stergios alisema zamu yake ilipofika.

"Ipo, kaka yangu. Naukanda unga leo jioni, Zisis anaiingiza tanurini alfajiri. Jina lake padre analo."

"Vizuri. Isomewe. Bado mzima, asomewe pamoja na wazima."

"Asomewe," Stamatia alisema.

Hakuondoka. Aliizungusha ile kofia mara moja, akaiweka juu ya kaunta.

"Na ngano pia. Niandikie."

"Stergios..."

"Domna hawezi. Nimemwambia nitakuja mwenyewe. Mambo haya mtu ayafanye kichwa kikiwa bado kinafanya kazi, nimewaona wanaokuja siku yenyewe, hawajui hata wanachosema." Alikohoa. "Kwa kijana, watu huagiza kiasi gani?"

Stamatia alikuwa amejibu swali hilo mara nyingi katika kazi yake, kwa watu wengi, na siku zote alikuwa na sauti yake ya kulijibia, sauti ya upole isiyotikisika. Aliitafuta sauti hiyo sasa, ikachelewa kuja.

"Kilo kumi," alisema. "Kwa kijana watu huja wengi."

"Kumi, basi."

Stamatia alimwashiria Asimina kwa kichwa aandike, maana yeye mwenyewe asingeweza. Asimina akalivuta jina, akaandika ngano, akaandika kumi, akabonyeza. Akatazama. Akabonyeza tena.

"Nini?" Stergios aliuliza.

"Haikubali, mjomba."

"Kwa nini haikubali?"

Asimina alimtazama mama yake.

"Inasema yu hai."

"Nani anasema?"

"Programu."

Stergios alizunguka kaunta, akaingia upande ambao hakuna mteja aliyewahi kuingia, akafuta mikono yake kwenye suruali ingawa haikuwa michafu. Aliinama. Akasoma taratibu, midomo ikicheza: jina la mwanawe, neno Hai, na chini yake mstari uliosema agizo la ngano haliruhusiwi kwa jina hili.

"Ni jambo dogo," Asimina alisema. "Nabadilisha hapa tu, mara moja." Mkono wake ukaenda kwenye kipanya.

"Usiguse."

Asimina akauondoa mkono. Mtu aliingia dukani, akaona, akatoka tena taratibu.

"Iache hivyo," Stergios alisema. "Iache mpaka Alhamisi."

Kisha akaomba kiti. Stamatia akamletea kile cha jikoni, akakaa palepale nyuma ya kaunta, uso kwenye skrini.